Nchi ya Mbelembele na Taasisi Iliyohama

Iko nchi iitwayo Mbelembele, na anayebisha aende akaione mwenyewe. Mwalimu Mashavu alikwenda. Njia aliyopita haina la kusimuliwa: alikwenda, alifika, akarudi na hasira ambayo mpaka leo haijampoa. Masimulizi haya ni ya hasira hiyo.

Watu wa Mbelembele hawageuki nyuma. Hiyo ndiyo sheria yao mama, na nyingine zote ni watoto na wajukuu zake. Nyumba zao zina mlango wa mbele tu, na ukuta wa nyuma hautobolewi dirisha. Viti vyao havina egemeo. Mama hambebi mtoto mgongoni; humfunga kifuani, wote wawili wakitazama waendako. Ukidondosha kitu njiani, kimekwenda, maana kukirudia ni kosa. Rafiki yako akikuita kutoka nyuma, huitiki mpaka akupite. Asubuhi hawaulizani wameamkaje, huulizana, "Habari za kesho?" na jibu lake ni, "Zitakuwa njema." Shikamoo ilipigwa marufuku zamani, kwa hoja kwamba kumheshimu mtu kwa miaka aliyokwisha kuishi ni kuitukuza miaka iliyopita. Na juu ya lango la mji wameandika maneno ambayo hata sisi tunayajua: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mashavu alipoyasoma aliyapenda. Alijiona kama amefika kwa ndugu zake.

Mwalimu huyu alikuwa akifundisha watoto viziwi huko Korogwe, na kazi ilikuwa imemshinda nusu. Ndipo aliposikia kwamba Mbelembele kuna Taasisi ya Elimu ya Kesho, chuo cha kufundisha na kuchunguza namna ya kufundisha, na kwamba ndani yake mna darasa la viziwi wanaosoma, wanaoandika na wanaobishana kuliko watoto wengi wenye masikio. Alitaka kuona linaendeshwaje, basi. Hakwenda kugombana na mtu.

Alipokewa na Bwana Tabasamu, Ofisa wa Ustawi wa Wenza, mtu mwororo aliyezungumza kama anayembembeleza mgonjwa anywe uji.

"Karibu sana, mgeni wetu. Hapa utaona mambo hujayaona. Hatuna kengele, hatuna fimbo, hatuna wa kwanza wala wa mwisho. Hata neno mfanyakazi hatulitumii. Sote ni wenza. Na hapa hakuna bosi."

"Vizuri sana," alisema Mashavu, na hakuwa akitania. "Sasa mtu akiwa na malalamiko anampelekea nani?"

"Hampelekei mtu. Si nimekwambia, hakuna bosi?"

Mashavu alicheka kidogo, akidhani naye anatakiwa acheke. Bwana Tabasamu aliendelea kumweleza kwamba hata kura hawapigi, kwa kuwa kura huwaacha wengine wameshindwa. Jambo linaletwa mbele ya watu, na mwenye kulipinga anasema kwa sauti. Kukiwa kimya, wamekubaliana. "Kimya ndiyo ridhaa," alisema, akiweka mkono kifuani. "Na huku hatumfukuzi mtu kazi. Huo ni unyama wa kale."

Darasa lenyewe lilikuwa mwisho wa uwanja. Mwalimu wake, Bi. Sikitu, alikuwa mwanamke mnene mwenye vidole vifupi visivyotulia. Watoto waliketi kwenye vigoda kwa umbo la mwezi mchanga ili kila mmoja aone mikono ya kila mmoja. Na ukuta wa nyuma, nyuma kabisa ya watoto, ulikuwa na dirisha.

"Hili limeruhusiwaje?" aliuliza Mashavu.

"Mwanga ukitoka nyuma yangu, uso wangu unakuwa giza, hawanioni," alisema Bi. Sikitu. "Ukitoka nyuma yao, unanipiga usoni na mikononi. Niliwaomba miaka. Mwishowe wakakubali, ila kwenye michoro ya jengo linaitwa Mbele ya Pili."

Lugha ya mikono iliyokuwa ikisemwa pale haikutoka kwenye kitabu. Kila mtoto alikuja na ishara zake mbili tatu za nyumbani, za njaa na za kumwita mama, na Bi. Sikitu alikaa nao akiziunga moja na nyingine mpaka zikawa lugha nzima, yenye matusi yake na mizaha yake. Nje ya chumba kile hapakuwa na mtu Mbelembele aliyeijua. Kumwondoa yule mama ilikuwa kuwakata watoto wale ndimi, na Mashavu alilitambua hilo siku ile ile.

Palikuwa na msichana anaitwa Tausi. Alipoletwa hakuwa na jina. Kwao walikuwa wakimwita "huyo". Jina Tausi alilichagua mwenyewe kwenye picha, na tangu hapo ikawa kazi yake kuwapa wengine majina. Alimtazama Mashavu kutoka juu hadi chini, akabana kwapa kana kwamba ameficha kitu ghali. Darasa zima likaangua kicheko kisicho na sauti. Ndipo Mashavu alipoona kuwa tangu aingie alikuwa ameukumbatia mkoba wake kana kwamba utaibiwa. Basi jina lake likawa hilo, na alilipenda kuliko alilopewa na baba yake.

Aliishi pale kwa raha akijifunza, mpaka lilipoitwa Baraza la Wenza.

Aliyeliita ni Profesa Tangulia, mwongozaji mpya wa Taasisi. Bosi hakuwa, kwa kuwa bosi hawana, ila akiinuka wote wanainuka. Alisema mahali pakikaliwa sana hukaza akili za watu. Alisema Taasisi ya kesho haiwezi kukaa kwenye jengo la jana. Kwa hiyo itahamia Kilima cha Upeo, ambako upepo ni mwingi na macho yanafika mbali, na itahama ikiwa nyepesi.

Bi. Sikitu alinyoosha mkono. "Mwenzetu Profesa, huko kilimani darasa langu litapata dirisha la nyuma?"

Profesa Tangulia alifumba macho, akawaomba watu wote wavute pumzi ndefu pamoja. Wakavuta. Alipofumbua macho alizungumzia bustani. Swali la yule mama likabaki limening'inia pale pale, na Mashavu akaona watu waliokaa karibu naye wakisogeza viti, polepole, kwa adabu.

Baadaye alimfuata Bwana Tabasamu. "Bi. Sikitu anahama nanyi?"

"Watakaohama wataambiwa siku ya kuondoka."

"Na asiyeambiwa?"

"Hajaambiwa."

"Si ndiyo kufukuzwa huko, Bwana Tabasamu?"

Uso wa yule bwana ulionesha kuumia kweli. "Mwalimu, usitutukane. Hatumfukuzi mtu sisi. Anabaki na chumba chake, na jua lake, na heshima yake yote. Sisi ndio tunaoondoka."

Na sheria ya aliyebaki nyuma, Mashavu aliipata kwa watu wengine, maana Tabasamu hakuitaja. Aliye nyuma jina lake halitajwi. Salamu yake haiitikiwi. Akisema, hasikiki. Hakuna adhabu juu yake, kwa kuwa hakuna mtu pale wa kuadhibiwa. Mashavu alimwendea Bi. Sikitu amwambie, akamkuta anajua.

"Nimeona Taasisi hii ikihama mara nyingi," alisema yule mama akifuta ubao. "Kila mara walibaki wale waliouliza kitu. Mpishi aliuliza maji yatatoka wapi. Yule mzee wa maktaba aliuliza nani atabeba vitabu. Mimi nilikuwa nahama nao, naangalia mbele. Sikugeuka hata siku moja, mwanangu." Alikung'uta chaki vidoleni. "Mpishi yule alikuwa shoga yangu."

Siku ya kuondoka waliondoka kwa nderemo. Walichukua kibao cha Taasisi, mimea ya vyunguni, washauri wote, na washauri wa washauri. Mashavu alichukuliwa kama mgeni. Bi. Sikitu alisimama kwenye mlango wa darasa lake, na wenza aliokula nao kwa miaka walimpita nyuso zikiwa kavu kama mbao. Mwingine alikuwa ameazima sufuria yake wiki iliyotangulia. Mashavu alitamani kuwakamata mmoja mmoja na kuwatikisa. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Alijizuia, na aibu ya kujizuia kule ilimtafuna njia nzima.

Kilimani palikuwa na upepo kweli, na macho yalifika mbali kweli. Wakubwa wa nchi walialikwa kwenye ufunguzi, wakala, wakapongezana, kisha mmoja wao akasema sasa angependa kuwaona wale watoto viziwi wanaosifiwa.

Wenza wakatazamana. Watoto hawakuwapo.

"Waliambiwa," alisema Bwana Tabasamu, tabasamu likimtetemeka. "Mimi mwenyewe nilihakikisha. Tulitangaza kwa kipaza sauti nje ya darasa lao. Tulirudia na kurudia."

Mashavu alidhani watu watacheka. Hakucheka mtu. Mshauri mmoja alishauri kwamba siku nyingine kitafutwe kipaza sauti kikubwa zaidi, na wengine wakatikisa vichwa kwa kukubali.

"Nyinyi watu!" Mashavu alishindwa. "Watoto ni viziwi! Mmewatangazia viziwi kwa kipaza sauti, na mtu pekee anayeweza kuwaambia neno mmemwacha makusudi! Rudini mkawachukue, na mwalimu wao!"

Neno "rudini" lilipotamkwa, wazee wawili walishika masikio.

Ulianza mjadala, na Mashavu alikaa akiusikiliza huku damu ikimchemka. Kundi la kwanza lilisema watoto waliobaki nyuma hawapo, na kwa hiyo hawajasahaulika. La pili likasema hawapo, sawa, ila wakubwa wamewaulizia, na kitu kilichoulizwa na wakubwa lazima kiwepo. La tatu lilitaka iundwe kamati ya kuchunguza hisia za kundi la kwanza na la pili. Jua likapanda, chai ikaletwa, na hakuna aliyeuliza kama wale watoto kule wamekula.

Aliyewaokoa ni Profesa Tangulia. "Sheria inatukataza kutazama nyuma," alisema. "Haitukatazi kufika. Tutakwenda kinyumenyume. Nyuso zetu zitabaki kilimani, kwenye upeo, na miguu itafanya kazi yake." Walimpigia makofi mpaka baadhi wakalia. Ni kweli, walilia, kwa furaha ya kuwa na kiongozi kama yule.

Basi ujumbe ukashuka kilima kinyumenyume, Profesa, Bwana Tabasamu na washauri, wakipapasa kwa visigino. Mashavu, kwa kuwa ni mgeni, aliruhusiwa kutembea kama watembeavyo kwao. Aliyaona mashimo yote mapema. Hakumwambia mtu. Mshauri mmoja alitumbukia mtaroni, na wenzake walipompita akatokea mbele ya macho yao, matope mpaka kiunoni, ameinua mkono. Walikuwa hawajapata kumwona mtu aliyeachwa. Walimwona, wakaona haya, wakainua nyuso wakatazama mawingu, na visigino vikaendelea.

Walifika. Bi. Sikitu alikuwa amewatoa watoto nje kwa ajili ya mwanga, nao walikuwa kwenye vigoda vyao, katika mwezi wao mchanga. Ujumbe ukasimama mbele yao ukiwa umewapa visogo. Profesa Tangulia akakohoa, akaanza hotuba yake, akiuhutubia upande ulikokuwa kilima.

Aliwaambia watoto wale kwamba wanapendwa. Aliwaambia kwamba Taasisi inamsikiliza kila mtoto kwa moyo wake wote. Watoto waliutazama mgongo wa koti lake, wakatazamana. Bi. Sikitu alianza kuwatafsiria, vidole vikienda mbio, na kwa kuwa yeye yuko nyuma, hakuna sheria iliyojua kuwa anafanya hivyo.

"Tunawaletea pendekezo," alisema Profesa. "Mje kilimani. Mwalimu mpya atatafutwa, mwenye upeo. Aliye nyuma atabaki nyuma. Huku hatulazimishani. Anayepinga na aseme."

Vidole vya Bi. Sikitu vilisita hapo, kisha vikamaliza. Hakuwaficha hata neno.

Tausi ndiye aliyeinuka kwanza. Alikunja mikono kifuani akaitupa nje kwa nguvu, na hiyo kwao ndiyo hapana. Akairudia. Wakainuka wote, mikono ikikunjwa na kutupwa, ikikunjwa na kutupwa, wengine machozi yakiwatoka, na mtoto mdogo kuliko wote akampita Profesa ubavuni ili aonekane, na wajumbe wakainua nyuso kwenye mawingu kama walivyofanya mtaroni. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele. Hapakuwa na sauti hata ya inzi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Profesa Tangulia alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu, akaridhika.

"Kimya," alisema. "Wamekubali wote. Nimeguswa sana."

Kamba ya kuku ikakatika hapo. Mashavu aliuweka mkoba wake chini, kitu ambacho watoto walikisimulia siku ile ile kuliko yote mengine, akamkamata Profesa Tangulia mabegani kwa mikono miwili, akamgeuza.

"Tazama!" alimwambia. "Tazama, we mwanaume! Watazame!"

Mbelembele mtu hajapata kugeuzwa. Washauri walipiga mayowe. Uso wa Profesa ulikuwa sasa hatua moja tu kutoka kwa Tausi, na Tausi akakunja mikono yake, akaitupa, polepole, ili hata mjinga aelewe. Ilimgusa koti.

Profesa Tangulia alikuwa amefumba macho.

Alikuwa ameyafumba kwa nguvu, mpaka mashavu yamejikunja, kama mtoto anayepewa dawa chungu. "Naona mbele tu," alisema. "Mbele naona kweupe kabisa." Bwana Tabasamu akafumba yake. Wakafumba wote. Walisimama pale uwanjani, watu wazima wenye shahada zao, wamefumba macho mbele ya watoto wanaolia, na Mashavu aliwachukia kuliko alivyopata kumchukia mtu maishani mwake. Mtu asiyeona unamwongoza. Huyu unamfanya nini?

Kisha Profesa akajigeuza kwa kupapasa, akatoa amri watoto wachukuliwe. Wajumbe wakarudisha mikono nyuma ya migongo yao wakaanza kushikashika. Watoto wakakwepa, ule ukawa ni mchezo, na kwao haukuwa mgumu. Mikono ile ilipata vigoda. Kila mjumbe alikamata kigoda, akakiinua mgongoni, akakiambia maneno mazuri kwamba asiogope, safari ni fupi. Wakapanda kilima nyuso zikiwa mbele, haraka haraka, wakiimba. Walipompita yule wa mtaroni alikuwa bado yumo, lakini sasa alikuwa nyuma.

Mashavu hakushtakiwa. Alipata ujumbe mpole kutoka kwa Bwana Tabasamu: hafukuzwi, ila nchi imeamua kusonga mbele bila yeye.

Alirudi darasani kumuaga Bi. Sikitu. Mlangoni alipiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama." Yule mama alichukua muda kulikumbuka jibu.

"Marahaba."

"Twende kwetu," Mashavu alimsihi. "Darasa ninalo. Dirisha nitalitoboa kwa mikono yangu. Hapa watakuacha ufe na njaa, mama. Hata wa kukuuzia chumvi hutampata, wote watajifanya hawakuoni."

"Najua. Mpishi yule bado yupo, upande ule wa kisima. Nilimwendea jana. Alinitukana sana, halafu akanipa muhogo." Bi. Sikitu aliwatazama watoto, waliokuwa wanajipanga kukaa chini kwenye vumbi, mwezi mchanga ule ule. "Na hawa?"

"Nitawachukua wangapi? Siwezi wote."

"Basi. Nikienda nawe nikawaacha, mwanangu, nami si nitakuwa nimesonga mbele?"

Mashavu aliuchukua mkoba wake, akatoka. Tausi alimfuata mpaka kwenye njia panda. Hapo alijigeuza, akajipigapiga kisogoni kwa kiganja, akaonesha kilimani: ndilo jina alilompa Profesa. Kisha akabana kwapa, akampungia Mashavu. Mashavu alitembea akigeuka nyuma kila hatua kumi, na kila alipogeuka, mtoto alikuwa bado anamtazama.

Habari zilimfikia baadaye kwamba kilimani vile vigoda vimepangwa kwenye ukumbi wenye upepo mzuri, na kwamba darasa hilo limepewa tuzo ya utulivu, na wageni hutoka mbali kuja kulitazama. Bi. Sikitu na watoto hakupata habari zao. Hakuna Mbelembele wa kumpa.

Yuko Korogwe sasa, anafundisha, dirisha liko nyuma ya watoto. Kwenye vikao hakosekani mkubwa wa kuinuka, jambo likiwa limeharibika na watu wameumia, akasema kwa upole kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wote huitikia. Mashavu huweka mkoba wake chini, akamwuliza, "Si ndwele kwa nani?" na hakai mpaka ajibiwe.